Maswali ya Wasomaji: Hela ya Matunzo Haitoshi, au Imenizidi. Nianzie Wapi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zina mzizi mmoja: amri ya matunzo ya mtoto iliyotolewa miaka kadhaa nyuma, na maisha ambayo hayafanani tena na siku ile hakimu alipoisoma. Tumechagua chache. Majina ya walioandika na namba za mashauri yao tumeviacha. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao.

Mwaka 2019 mahakama ilimwamuru baba watoto anipe shilingi 80,000 kwa mwezi kwa watoto wawili. Mdogo alikuwa bado ananyonya. Sasa wote wanasoma, na baba yao amepata kazi nzuri bandarini. Mjumbe wetu anasema lazima nianze upya: niende baraza la kata nipewe fomu namba 3, ndipo nifungue kesi. Ni kweli? (Mama wa wawili, Mbagala)

Hapana, dada, na nauli ya kwenda kata itunze. Fomu namba 3 ni hati ya baraza la usuluhishi inayosema limeshindwa kuwapatanisha mume na mke. Inadaiwa kwa anayeomba talaka. Wewe una amri tayari mkononi. Unachoomba ni ibadilishwe.

Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinairuhusu mahakama kubadili au kufuta amri ya matunzo ya mtoto wakati wowote, hata zaidi ya mara moja, ikiridhika na moja kati ya mambo mawili. La kwanza, hali imebadilika kwa kiasi cha maana. La pili, amri ya mwanzo ilijengwa juu ya maelezo ya uongo au makosa kuhusu ukweli wa mambo, kwa mfano mtu alificha mshahara wake. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inampa nafasi hiyo mzazi, anayekaa na mtoto, na hata yule anayelipa. Usichanganye na rufaa. Rufaa inasema hakimu alikosea siku ile, na siku zake zinahesabiwa. Ombi lako linasema hakimu alikuwa sahihi kwa hali ya siku ile, ila hali hiyo imepita. Tangu 2019 ni miaka mingi, lakini hujachelewa.

Kwanza jua amri ilitoka wapi, maana ombi linarudi kwenye mahakama iliyoitoa. Soma kichwa cha hukumu: jina la mahakama na namba ya shauri vimo. Kama ilitolewa pamoja na talaka, jalada linaweza kuwa limehamishiwa Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia pale Temeke, ambacho tangu 2021 ndicho kinachopokea mashauri ya ndoa na mirathi ya jiji hili, kikiwa na ngazi mbalimbali za mahakama katika jengo moja. Kama hamkufunga ndoa na shauri lilikuwa la mtoto peke yake, pengine lilikuwa Mahakama ya Watoto, Kisutu. Umepoteza nakala? Andika barua fupi masjala ukitaja mwaka, majina ya pande zote mbili na jina la hakimu kama unalikumbuka, uombe nakala iliyothibitishwa. Bila namba ya shauri karani atakuzungusha, na si kwa ubaya. Majalada ni mengi.

Sasa kiini cha ombi lako. “Maisha yamepanda” ni kweli, lakini haimsaidii hakimu kuandika namba mpya. Chukua daftari, kurasa mbili. Ukurasa wa kushoto andika hali ya 2019: mmoja ananyonya, mwingine hajaanza shule, kodi kiasi gani. Wa kulia andika hali ya leo, kitu kimoja kila mstari, na kila gharama uigeuze iwe ya mwezi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hela ya uji shuleni ikiwa shilingi 500 kwa siku, siku 20 za masomo ni 10,000 kwa mtoto mmoja, 20,000 kwa wawili. Sare, viatu na mabegi vikigharimu 180,000 kwa mwaka kwa wote wawili, usiandike 180,000 kwenye orodha ya mwezi. Gawa kwa 12, andika 15,000. Kodi ya chumba usiiweke yote juu ya watoto wakati na wewe unalala humo. Andika kodi nzima, kisha sehemu yao. Shule ya serikali haina ada, kwa hiyo usitaje ada, taja kilichopo: mchango wa chakula, mitihani ya majaribio, tuisheni, madaftari. Na kila mstari uwe na karatasi nyuma yake, iwe risiti, barua ya shule, kadi ya kliniki au ujumbe wa muamala. Pasipo na risiti andika bei ya kweli ya sokoni. Hakimu naye ananunua mchele Dar es Salaam hii hii, na akikuta umeweka kilo 40 za mchele kwa watoto wawili, hataiamini mistari mingine tisa iliyo sahihi.

Mwisho wa daftari andika kipato chako mwenyewe. Wanawake wengi wanakiruka wakidhani kitawapunguzia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, udhaifu wowote unaozuia mtu kupata kipato, watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha za mahali mtoto anapokaa, na haki za mtoto. Usipotaja genge lako, wakili wa upande wa pili atalitaja, na hapo utaonekana umelificha.

Kuhusu kazi ya bandarini: huna haja ya kupora hati yake ya mshahara. Eleza kwenye kiapo kwamba ameajiriwa na nani, tangu lini na unajuaje, kisha iombe mahakama imwamuru awasilishe hati za mshahara za miezi mitatu au sita. Wala usitafute jedwali la asilimia. Sheria yetu haina. Enzi za Sheria ya Matunzo ya Watoto wa Nje ya Ndoa, iliyofutwa 2009, kulikuwa na ukomo: shilingi 100 kwa mwezi. Heri kutokuwa na ukomo.

Nilipunguzwa kazini miezi minne iliyopita. Amri inanitaka nitoe 250,000 kila mwezi. Kwa kuwa sina mshahara nilisitisha, nikiamini hakuna mtu anayedaiwa asichonacho. Sasa mama mtoto amekaza hukumu, ninadaiwa milioni moja, na mikopo nayo ninayo. Nifanyeje? (Baba, Tabata)

Kaka, kosa lako halikuwa kukosa kazi. Lilikuwa kukaa kimya. Amri haibadiliki siku hali yako inapobadilika. Inabadilika siku hakimu anapoandika kwamba imebadilika. Katikati ya siku hizo mbili deni linaota kila mwezi kama kawaida, na milioni moja hiyo unadaiwa kihalali.

Fanya mambo mawili wiki hii, na uyatenganishe. Kwenye shauri la kukaza hukumu, yaani lile la kukulazimisha ulipe, nenda ujibu, usikimbie wito. Omba kulipa malimbikizo kwa mafungu na utaje kiasi unachoweza kukitoa kweli: ukisema 50,000 kwa mwezi, milioni moja itakwisha kwa miezi 20, na mahakama inaweza kuona ni kirefu, ukitanguliza 200,000 kutoka kwenye kiinua mgongo, utasikilizwa vizuri zaidi. Asiyefika mahakamani ndiye anayejikuta mali zake zimekamatwa au akaitwa ajieleze kwa nini asipelekwe jela kama mfungwa wa madai.

Jambo la pili ni ombi la kupunguziwa kiwango kuanzia sasa. Ambatisha barua ya kupunguzwa kazi, hati ya malipo ya mwisho, taarifa ya benki ya miezi sita na barua za maombi ya kazi ulizotuma. Hizo za mwisho watu huzidharau, ila hakimu anataka kujua kama umekaa baraza la kahawa au unatafuta. Taja pia fao la kukosa ajira la NSSF kama unalipata. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita, na ni kipato. Ukilificha likagunduliwa, ombi lote linanuka.

Kwenye maombi yako andika wazi tarehe unayotaka kiwango kipya kianze. Usipoiomba, usishangae kiwango kipya kikianza siku ya uamuzi, miezi mitatu au minne mbele. Na wakati ombi linasubiri, endelea kutuma chochote, hata 60,000, kila tarehe ileile. Anayelipa kidogo bila kukosa na anayesubiri kuamuliwa wana tofauti kubwa mbele ya hakimu.

Neno kuhusu mikopo, kwani barua yako imeitaja. PAYE (kodi ya mshahara), mchango wa mfuko wa hifadhi na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ni makato ya sheria, mahakama inayatambua. Mkopo wa benki uliouchukua mwenyewe kujenga au kununua gari ni habari nyingine. Wapo wanaokopa makusudi ili hati ya mshahara isomeke imebaki theluthi, halafu wanakuja nayo mahakamani. Tarehe ya mkopo imeandikwa palepale, na mara nyingi iko wiki mbili baada ya wito.

Mimi na mzazi mwenzangu tulikubaliana kwa WhatsApp apunguze kutoka 150,000 hadi 100,000 kwa sababu alikuwa anauguza mama yake. Huo ni mwaka jana. Sasa ninaambiwa ninaweza kumdai ile tofauti yote. Sitaki kumdai, ila ninataka liwe sawa. (Kigamboni)

Mna bahati mnaelewana. Ni kweli kwamba amri ya 150,000 bado iko hai, na ujumbe wa simu haujaigusa. Siku mkikosana, tofauti ya 50,000 kwa miezi 12 ni 600,000, na yeye atabaki na picha za simu kama utetezi.

Andikeni hati ya makubaliano: namba ya shauri, kiwango cha zamani, kiwango kipya, tarehe kinapoanzia, nini kinafanyika kuhusu tofauti ya mwaka jana, na kama ni cha muda, kinakwisha lini. Sainini wote wawili mbele ya shahidi, muipeleke mahakamani pamoja na ombi la pamoja ili iandikwe kuwa amri. Mahakama haitakuwa muhuri tu. Itaangalia mtoto hapunjwi. Ndiyo maana mstari mmoja unaoeleza kwa nini 100,000 zinatosha kwa sasa unasaidia kuliko kurasa za sheria.

Hatukuwahi kwenda mahakamani. Tuliandikishana ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, 2021, shilingi 60,000 kwa mwezi. Nataka iongezwe, lakini afisa anasema baba akikataa hana la kumfanya. Karatasi hii ina kazi gani? (Ubungo)

Afisa amekwambia ukweli. Ile ni makubaliano, haina nguvu ya kukazwa kama hukumu, hivyo hakuna dalali wa mahakama atakayeifanyia kazi. Lakini usiitupe. Inathibitisha vitu viwili ambavyo vinginevyo ungevisotea: kwamba alikiri mtoto ni wake, na kwamba mwaka 2021 aliona 60,000 anazimudu.

Njia ya mkato ni kuomba kikao kingine palepale ustawi. Wakati mwingine wito wa pili unatosha. Akikataa au asipotokea, muombe afisa aandike kwenye jalada kwamba aliitwa mara ngapi, kisha ufungue ombi la matunzo Mahakama ya Watoto ukiambatisha makubaliano yale. Hilo litakuwa shauri jipya, kwa sababu hakuna amri ya kubadili. Kama mlikuwa na ndoa, kifungu cha 134 cha Sheria ya Ndoa kinairuhusu mahakama kubadili hata makubaliano ya wazazi, ingawa yenyewe yanasema hayatabadilishwa, ikiona ni kwa manufaa ya mtoto.

Mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi afanye uchunguzi na kuleta taarifa. Atakuja nyumbani, na huenda asitoe taarifa mapema. Ataangalia mtoto analala wapi, anakula nini, anakwenda shule ipi na kwa usafiri gani, na atazungumza na majirani na baba pia. Kuazima magodoro ili nyumba ipendeze, au kuyaficha ili ionekane dhiki, vyote vinajulikana. Mwache aone palivyo. Kama baba akigeuka na kusema mtoto si wake, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, ambacho hufanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi ya vyombo vinavyotambulika. Sampuli haipelekwi mkononi na mzazi.

Ananinyima kumuona mtoto tangu Januari. Je, sheria inaniruhusu kusitisha hela mpaka nimuone? (Sinza)

Hairuhusu. Matunzo ni ya mtoto, na kumuona ni suala jingine lenye ombi lake. Ukisitisha unageuka kuwa wewe mkosaji, na yeye anapata cha kumwonesha hakimu. Endelea kulipa na uombe mahakama hiyohiyo ipange siku na saa za kumuona.

Kama mtoto amehamia kwako moja kwa moja, hapo una sababu kamili ya kubadili amri, hata kuigeuza mama ndiye achangie. Thibitisha kwa barua ya uhamisho wa shule na barua ya serikali ya mtaa inayosema mtoto anaishi kwako tangu lini. Likizo ya mwezi mmoja kwa bibi si kuhama.

Niliandika ombi mwenyewe, nikalipia, nikafika mbele ya hakimu. Likatupwa kwa sababu ya “kasoro za kiapo” kabla sijasema neno. Kasoro gani hizo? (Gongo la Mboto)

Pole, mama. Hili linaumiza kuliko kushindwa, kwa vile mtoto hakusikilizwa kabisa. Ombi la kubadili amri kwenye mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi linasimama juu ya hati ya kiapo, na kiapo kina sehemu za lazima. Tumezikuta kasoro hizi tena na tena.

Ya kwanza ni uthibitisho, yale maneno ya mwisho yanayosema aya zipi unazijua wewe mwenyewe na zipi umeambiwa na mtu. Ukiandika “yote niliyosema ni kweli kwa ufahamu wangu” huku aya ya 7 inasema “mwajiri wake aliniambia,” kiapo kinajipinga. Andika: aya ya 1 hadi ya 6 na ya 8 ninazijua mwenyewe; aya ya 7 nimeelezwa na fulani, na ninaiamini. Ukiongeza aya baadaye, rudi urekebishe namba hizo. Watu wanasahau, aya ya 9 inabaki yatima.

Ya pili ni pale unapoapia. Kamishna wa viapo lazima aandike mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa, na jina na cheo chake. Nakala nyingi za vibanda vya karibu na mahakama zina “Dar es Salaam, tarehe ....... mwezi .......” na nukta zile hakuna aliyezijaza. Usiondoke mbele yake kabla hujasoma mstari huo. Na usisaini nyumbani ukampelekea akugongee muhuri. Unasaini ukiwa mbele yake.

Ya tatu ni kujaza hoja na maombi ndani ya kiapo. Kiapo ni mambo yaliyotokea. “Ninaiomba mahakama iongeze hadi 200,000” inakaa kwenye hati ya maombi. “Kwa mujibu wa sheria yeye ni mzazi mkatili” haikai popote. Aya nzuri inasomeka hivi:

“5. Kwamba tarehe amri inatolewa mtoto alikuwa na miaka 2 na hakuwa anasoma. Kwamba tangu Januari mwaka huu yuko darasa la kwanza, na gharama zake za mwezi ni shilingi 142,000 kama zinavyoonekana kwenye kielelezo A.”

Mambo matatu, hakuna kulalamika, na kielelezo kimetajwa. Hakikisha kielelezo A kweli kimeandikwa A juu yake.

Habari njema ni kwamba ombi lililotupwa kwa kasoro ya namna hii kwa kawaida linaweza kuletwa upya likiwa limesafishwa. Soma uamuzi wenyewe uone hakimu ameandika nini. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba lazima utafute wa kukuandikia Kiingereza. Kama amri yako ni ya Mahakama ya Mwanzo, kanuni zake zinaruhusu hata maombi ya mdomo. Unaeleza, yanaandikwa, unasaini. Na msaada wa kisheria wa bure upo kwa mujibu wa sheria ya 2017: wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wako kwenye kata nyingi, na mashirika kama TAWLA (chama cha wanawake wanasheria) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake wana ofisi hapa jijini. Wapelekee kiapo wakisome kabla hujalipia, si baada.

Baba mtoto ana duka la vipuri Kariakoo na bodaboda mbili za mkataba. Mahakamani 2022 alisema yeye ni “mbangaizaji,” akapangiwa 40,000. Hana hati ya mshahara. Nitathibitisha vipi? (Vingunguti)

Hili linaangukia ile sababu ya pili tuliyoitaja juu: amri iliyojengwa juu ya maelezo yasiyo kweli. Ila useme kwa uangalifu. Duka lililofunguliwa 2023 si uongo wa 2022, ni mabadiliko ya hali. Bodaboda zilizosajiliwa 2021, hizo ndizo alizificha. Panga tarehe kwanza, ndipo utajua uegemee upande gani, au pande zote mbili.

Kipato cha mfanyabiashara hupimwa kwa dalili. Picha ya fremu ya duka na kibao chake, leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, namba za usajili za pikipiki, shahidi anayejua kodi ya fremu ile. Anayelipa kodi ya fremu Kariakoo na kusomesha watoto wengine shule ya kulipia ni vigumu kusema ana 40,000 tu. Bodaboda ya mkataba ina hesabu ya kila siku inayojulikana mtaani; mlete dereva kama atakubali, au hata dereva wa kijiwe kilekile aeleze hesabu ya kawaida ni kiasi gani. Kisha iombe mahakama imwamuru alete taarifa za benki na za miamala ya simu, pamoja na zile za namba ya lipa. Usizichukue wewe kwa mlango wa nyuma kupitia shemeji anayefanya kazi kampuni ya simu. Utamtia matatani yeye na ushahidi wako.

Ukishinda, muombe hakimu aandike namna ya kulipa kinagaubaga: tarehe, kwa namba gani ya simu yenye jina la nani, na kwamba vitu atakavyonunua havihesabiki kama fedha isipokuwa mmekubaliana kwa maandishi. Amri inayosema tu “atoe 120,000 kwa mwezi” italeta ugomvi wa viatu vya skuli na kuku wa Idi vinavyodaiwa kuwa ni matunzo ya Aprili.

Binti yangu anatimiza miaka 18 mwezi wa tano, na ana nafasi ya kusoma chuo. Baba yake anasema siku hiyo ndiyo mwisho wake. (Tegeta)

Kwa kawaida amri ya matunzo hufika kikomo mtoto akitimiza 18, au mapema zaidi akianza kazi ya kujitegemea. Lakini Sheria ya Mtoto inairuhusu mahakama kuiendeleza kwa mtoto aliye kwenye masomo au mafunzo baada ya umri huo, na mtoto mwenye ulemavu ana nafasi yake pia.

Usisubiri mwezi wa tano upite. Peleka ombi angalau miezi miwili kabla, amri ikiwa bado hai. Ambatisha cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani, mchanganuo wa ada wa chuo, na hali ya mkopo wa elimu ya juu kama ameomba, kwani kile ambacho Bodi italipa kinapunguza unachoweza kumdai baba. Omba muda wenye mwisho, kwa mfano hadi kumaliza stashahada ya miaka mitatu; “mpaka atakapojitegemea” inamtia baba hofu na hakimu pia. Barua ya kudahiliwa ikichelewa kutoka, usiizuie safari kwa ajili yake. Wasilisha ombi na matokeo, useme kwenye kiapo kwamba barua inasubiriwa, na ikifika uombe ruhusa ya kuiongeza kwa kiapo cha nyongeza.